Si Imajensi, Mwanangu

Siku hizi mabomba hayavuji tena. Siku hizi kuna imajensi tu. Bomba la bafuni likidondosha tone, imajensi. Taa ya barazani ikigoma kuwaka, imajensi. Mtu akifungiwa nje na mke yuko njiani anarudi na mizigo, hiyo ni imajensi yenye mikono na miguu. Neno lenyewe zamani lilikuwa na heshima zake. Lilikaa kwenye milango ya hospitali na ubavuni mwa magari yenye king'ora, na mtu akilitamka wengine walisogea pembeni kumpisha. Sasa limekuwa chumvi ya mezani, kila mtu anajinyunyizia.

Hakuna aliyelijua jambo hilo kama Dada Simu. Jina hilo alipewa na mafundi, na lilimganda hata mwenye kampuni akawa ameshasahau lile lililo kwenye kitambulisho. Kazi yake ilikuwa kupokea simu katika kampuni ya mafundi wa mabomba na umeme. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa la kutazama uwanja wa magari, meza moja, simu mbili, feni yenye kelele kuliko upepo, na ubao ukutani wenye misumari mitatu ya kutundikia funguo za magari matatu. Kwenye milango ya magari hayo Bosi alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu: IMAJENSI, USIKU NA MCHANA.

"Tumejitakia wenyewe," Dada Simu alikuwa akisema. "Ukiandika neno mlangoni, usishangae watu wakilisoma."

Mwanzoni alimwamini kila aliyepiga. Akisikia neno, anachomoa ufunguo, gari linatoka mbio. Mpaka siku ile fundi alipokwenda na king'ora cha mdomo wake mwenyewe, akafika akakuta imajensi ni beseni linalochelewa kumeza maji, na mwenye nyumba amejilaza kwenye kochi anatazama mpira, hata kuinuka kufungua mlango aliona taabu. Saa ileile upande wa pili wa mji dari la mama mmoja mwenye mapacha lilikuwa linashuka kwa uzito wa maji, na hakukuwa na gari. Watoto walipona, ila kitanda chao hakikupona. Dada Simu alikasirika siku hiyo mpaka chakula cha mchana kikamshinda. Na mtu mwenye akili akikasirika, hasira yake huzaa kitu.

Ilizaa swali. Tangu siku hiyo, mtu akipiga na neno lake, Dada Simu anamwachia alimalize, kisha anamuuliza kwa sauti ya upole, "Hapo ulipo, umesimama au umekaa?"

Basi. Mtu ambaye maji yanamwingilia chumbani hakai. Mtu anayeona waya unatoa moshi hakai. Aliyekaa ana nafasi, na mwenye nafasi anaweza kungoja. Na kwa kuwa hakuna aliyejua swali ni la nini, hakuna aliyedanganya. Walijibu kweli tupu, wengine wakijibu "nimelala" bila hata kuona haya. Mafundi walicheka waliposikia habari za swali hilo, halafu wakaacha kucheka walipoona wanarudi makwao jua halijazama. Bosi, ambaye alianza maisha kwa kuzibua vyoo na hakuwa mwepesi wa kusifu, alisema mara moja tu, "Swali lako lina akili kuliko mimi." Dada Simu aliishi na sifa hiyo muda mrefu. Alijivuna, na mimi sioni ubaya wa mtu kujivunia kitu alichokitoa kichwani mwake.

Sasa sikia yaliyotokea.

Ilikuwa asubuhi iliyochangamka, joto limeanza kupanda, na magari mawili tayari yako kazini. Lililobaki lilikuwa la Koki na Fyuzi. Koki alikuwa fundi wa mabomba, mfupi, mnene, mdomo hauna breki. Fyuzi alikuwa wa umeme, mrefu, mkimya, aliitwa hivyo kwa sababu akichokozwa sana hukatika ghafla akaondoka zake bila neno. Wawili hao walipendana kama kufuli na ufunguo, ingawa hakuna aliyekubali kuwa kufuli.

Simu ya kwanza ililia. Alikuwa Mama Marumaru, mteja mkubwa, mwenye nyumba nyingi za kupangisha na sakafu zinazong'aa mpaka unaona aibu kuzikanyaga. Chemchemi ya bustani yake ilikuwa imegoma kurusha maji, na alasiri alikuwa na wageni.

"Hii ni imajensi," alisema. "Unanisikia? Imajensi. Nasema mara ya mwisho, ni imajensi."

"Nimekusikia, mama. Hapo ulipo, umesimama au umekaa?"

"Nimesimama, na mkono uko kiunoni."

Dada Simu aliuma midomo asicheke. Swali lake halikuwa limewafikiria watu wanaosimama kwa hasira. Bosi, aliyekuwa anapita uwanjani, alichungulia mlangoni, akaambiwa ni nani, akasema, "Huyo mpelekee. Nyumba zake ndizo zinazotuweka mjini." Neno la Bosi ni la Bosi. Koki alichukua ufunguo, Fyuzi akabeba sanduku lake la vifaa, wakaanza kupakia gari huku Koki akieleza jinsi atakavyopewa soda yenye barafu.

Ndipo simu ya pili ilipolia.

"Habari za kazi," ilisema sauti ya mzee. "Naomba kuzungumza na mhusika."

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe. Lakini uko kazini."

Baba yake alikuwa seremala aliyestaafu, mjane, anayeishi peke yake katika nyumba ya zamani aliyolelea watoto. Namba ya simu ya mkononi ya bintiye alikuwa nayo, lakini kwa jambo la bomba alipiga namba ya kampuni, kama mteja mwingine yeyote, maana kupitia mlango wa nyuma kwa sababu ya undugu ilikuwa kwake sawa na kuiba. Nyaya za nyumba hiyo zilikuwa na umri mkubwa kuliko Dada Simu. Kila alipotaka kuzibadilisha, mzee alimjibu kuwa nyaya hizo ndizo zilizowalea, na maneno yakaishia hapo.

"Nina tatizo dogo la maji jikoni," mzee aliendelea. "Si imajensi, mwanangu. Mkipata nafasi. Hata kesho."

Dada Simu alitabasamu mwenyewe. Baada ya Mama Marumaru, sauti hiyo ilikuwa kivuli baada ya jua kali. Akauliza kwa mazoea, nusu kwa utani, "Hapo ulipo, umesimama au umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi jioni nikitoka nitakuja na fundi mwenyewe. Tutakula pamoja."

"Haya. Kazi njema."

Alikuwa ameshaondoa simu sikioni. Sijui nini kilimfanya airudishe. Yeye mwenyewe husema alitaka tu kumwonea wivu kidogo baba yake, mtu aliyekaa zake nyumbani asubuhi yote.

"Umekaa kwenye kiti chako cha barazani?"

"Hapana," alisema mzee. "Nimekaa mezani."

Hapa lazima nikueleze meza hiyo. Mzee aliitengeneza kwa mikono yake mwaka alioposa, kwa mbao ngumu, na tangu siku ilipoingia jikoni hakuna makalio yaliyowahi kuigusa. Dada Simu alijaribu alipokuwa mdogo, akateremshwa kwa sikio. Shemeji mmoja alijaribu siku ya sherehe, mtu mzima na suti yake, mzee akamletea kiti na kusimama mbele yake mpaka alipohama. "Meza ni ya sahani na viwiko," alikuwa akisema. Katika nyumba ile mtu angeweza kukosa mengi akasamehewa. Hilo la meza halikuwemo.

Dada Simu akauliza polepole.

"Juu ya meza, baba?"

"Juu yake. Nimevua viatu."

"Miguu iko wapi?"

"Nimeikunja."

"Kwa nini umeikunja?"

Mzee alitafuta neno lisilomsumbua mwingine. "Sakafu ina maji."

"Maji mengi?"

"Yamevuka kizingiti, yanakwenda koridoni. Bomba la chini ya sinki limepasuka."

"Na ulipoyakanyaga?"

"Yaliniuma," alisema mzee. "Kidogo tu."

Maji hayaumi. Dada Simu alikaa na mafundi wa umeme miaka ya kutosha kujua ni maji gani yanayouma. Friji ya baba yake ilikuwa mbali na soketi, na kwa ubishi wake mzee alikuwa ameiunganisha kwa ekstensheni iliyolala sakafuni, nyuma ya kapu la viazi.

"Ile ekstensheni ya friji iko wapi sasa?"

"Iko huko majini. Inatoa sauti kama nyuki."

Sauti ya Dada Simu haikutikisika, na hilo ndilo nililolipenda kwake siku zote. "Baba, usiteremshe mguu. Usikate simu. Usifanye jambo lolote nisilokwambia."

Gari lilikuwa limefika getini. Dada Simu alifungua dirisha kwa kishindo, yeye ambaye kwa kawaida huwaita mafundi kwa kugonga kioo na kalamu, akapaza sauti, "Koki, geuza. Chemchemi ingoje. Nendeni kwa baba yangu."

Koki alitoa kichwa nje. "Mama Marumaru je?"

"Geuza, Koki."

Bosi alikuja mbio kutoka bohari, mikono imejaa grisi. "Unalipeleka wapi gari langu?"

"Kwa baba yangu."

"Kwa baba yako?" Bosi aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwa Dada Simu. "Amesema ni imajensi?"

"Hapana. Amesema si imajensi."

"Sasa?"

"Amekaa juu ya meza, Bosi. Sakafu yake ina maji na maji yana umeme."

Habari ya meza Bosi hakuielewa, lakini ya maji yenye umeme aliielewa kabla sentensi haijaisha. Akapiga paa la gari mara moja kwa kiganja. "Nendeni. Huyo mama nitazungumza naye mimi." Na hilo, kwa anayemjua Mama Marumaru, lilikuwa tendo la ushujaa.

Gari lilitoka. Dada Simu akairudisha simu sikioni. "Baba, Fyuzi yuko njiani."

"Umesumbua watu bure," alisema mzee. "Jirani yangu nimeshampigia. Anakuja kunisaidia kukausha. Anapitia mlango wa jikoni, ndio huo tu nilioacha wazi."

Jirani huyo Dada Simu alimfahamu, mtu mwema, mpole, anayetembea na kandambili zilizotoboka, na mwenye huruma ya kuingia kwanza kisha ndipo aulize.

"Yuko wapi?"

"Namsikia uani. Ana ndoo."

"Mwambie asiingie."

Akasikia baba yake akigeuza uso pembeni na kusema kwa adabu zote, "Jirani, naomba usubiri kidogo."

Ndoo ikagonga ukuta. Mtu akaitikia kwa mbali kuwa si taabu, anakuja.

"Baba, piga kelele."

"Mimi sipigi—"

"Najua hupigi. Piga. Akikanyaga hapo anakufa."

Katika maisha yake yote Dada Simu hakuwahi kusikia baba yake akipaza sauti. Aliwalea kwa kunong'ona, na mnong'ono wake ulitosha. Sauti iliyotoka sasa ilikuwa kama ubao unaopasuka. "Simama hapo! Usikanyage! Rudi nyuma!"

Ndoo ilianguka. Ndipo Dada Simu alipogundua kwamba alikuwa amesimama, na kiti chake kimeanguka nyuma yake.

"Amesimama," alisema mzee, anahema. "Yuko nje ya mlango. Ameshtuka, maskini."

"Mwambie abaki hapohapo amzuie kila mtu."

Kwa simu ya pili alilipigia shirika la umeme ili wakate laini ya mtaa. Walimpigia muziki. Aliuacha muziki ukilia mezani na kurudi kwa baba yake. Swichi kuu ilikuwa koridoni, na kuifikia ilibidi kukanyaga maji hayohayo. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Sanduku la mita lilikuwa ukutani nje, lakini lina kufuli na kufuli linahitaji fundi. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja ndiko kulikomwogopesha, kwa sababu mzee alianza kuchoka.

"Miguu imekufa ganzi," alisema. "Niteremshe mmoja tu, ukutani pale pamekauka."

"Usiteremshe."

"Sentimita chache tu, mwanangu."

"Baba, leo mimi ndiye mkubwa. Ukiteremsha nitakusemea kwa ukoo mzima kwamba ulikaa juu ya meza."

Akamsikia mzee akicheka puani. "Haya, mkubwa."

"Nieleze ulivyoitengeneza."

"Unajua nilivyoitengeneza."

"Nieleze tena. Miguu yake uliiunganishaje?"

Basi mzee akamweleza. Alieleza jinsi alivyochonga ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja, jinsi alivyongoja mbao zikauke miezi kabla ya kuzigusa, na jinsi mama yao alivyokuja karakana kuiangalia akasema ni kubwa mno kwa watu wawili. "Nikamwambia hatutakuwa wawili daima," alisema mzee. Dada Simu alisikiliza kwa sikio moja, lingine likisubiri mlio wa gari la kampuni, lenye ekzosi mbovu ambayo kila siku alimlalamikia Koki na leo aliiombea.

"Itakubeba?" aliuliza alipohisi sauti ya mzee inalegea.

"Itanibeba," alisema mzee, na hapo sauti yake ikawa ngumu tena. "Nimeitengeneza mimi."

Halafu aliisikia ekzosi. Alisikia Koki akizungumza na jirani, vyuma vikigongana, kufuli likivunjwa. Kisha baba yake akasema polepole, "Friji imenyamaza."

"Usiteremke bado."

"Siteremki. Mkubwa wangu hajaniruhusu."

Baada ya kitambo ikaja sauti ya Fyuzi kwenye simu. Fyuzi kuongea kwa simu ni kama jogoo kutaga. "Dada," alisema. "Yuko chini. Yuko salama. Waya wa ekstensheni umechubuka kabisa. Angeteremsha mguu..." Sentensi hiyo hakuimaliza, na Dada Simu hakumwomba aimalize.

Aliweka simu chini akalia. Alilia kwa sauti, na Bosi aliyekuwa anaingia akageuka akaenda kuhesabu mabomba ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa. Muziki wa shirika la umeme ulikuwa bado unalia mezani. Akaukata, akapenga kamasi, akasimamisha kiti chake. Simu ikalia. Alikuwa bwana mmoja mwenye bafu linalotoa maji ya uvuguvugu badala ya moto, na hiyo, alisema, ni imajensi. Alikuwa amekaa. Dada Simu akamwekea kesho kutwa.

Jioni alipofika kwa baba yake jua lilikuwa bado linaingia jikoni. Sakafu ilikuwa kavu, ekstensheni imetupwa uani, na jiko la gesi lilikuwa linachemsha chai. Koki alikuwa amemsimulia tayari kwamba mzee, alipokanyaga chini, jambo la kwanza aliloomba ni kitambaa. Alifuta pale alipokuwa amekaa, akafuta tena, ndipo akakubali kuangaliwa miguu.

Sasa mzee alikuwa kwenye kiti, viwiko mezani. Dada Simu aliketi ng'ambo ya pili ya meza. Alikuwa amejiapiza njiani kwamba hatagomba, akagomba.

"Baba, ungekufa. Ungekufa kwa adabu. Neno moja tu lilikuwa linatosha, wewe ukaniambia hata kesho."

"Nilikwambia nimekaa mezani," alisema mzee. "Ulitaka nini zaidi?"

"Na kama nisingeuliza?"

"Ungeuliza. Tangu utotoni wewe unauliza mno."

"Mimi sitanii. Watu wananipigia simu kutwa wanalitupa neno hilo kama maganda ya machungwa, na wewe, unayelistahili, limekukwama wapi?"

Mzee alizungusha kikombe chake.

"Nimewahi kulitumia," alisema. "Siku ya mama yako."

Dada Simu alikuwa shule ya bweni mama yake alipofariki. Alichoambiwa ni kwamba aliugua ghafla na gari la hospitali likachelewa. Hakuna aliyeongeza kitu, na nyumba ile haikuwa na desturi ya kuuliza jambo hilo. Katika maswali yake yote, hilo hakuwahi kuliuliza.

"Alikuwa ameniletea chakula karakana," alisema mzee. "Akasema kichwa kinamuuma, akaanguka kwenye maranda. Simu ya karakana ilikuwa na waya mrefu. Nikapiga. Nikawaambia ni imajensi. Nilikuwa nimelisikia kwa watu, nikajua ndilo neno la kuita msaada. Nikalisema na kulisema. Aliyepokea alikuwa msichana. Hakuwa mbaya, wala hakunijibu vibaya. Alikuwa na sauti nzuri kama yako. Ila alikuwa amelizoea. Akaniambia nimewekwa kwenye foleni."

Sufuria ilianza kufurika. Hakuna aliyeinuka.

"Ulikuwa umesimama?" Dada Simu aliuliza. Swali lilimtoka lenyewe.

"Nilikuwa nimekaa," alisema baba yake. "Chini. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu, ningesimamaje?"

Dada Simu aliona aibu. Aliwakumbuka wote aliowahi kuwaambia jioni, kesho, kesho kutwa, kwa sababu tu walikuwa wamekaa, na akataka kujua kila mmoja alikuwa amekaa wapi na nani alikuwa mapajani mwake.

"Kwa hiyo hata mimi ningekuweka kwenye foleni," alisema.

"Ungeniweka." Mzee hakuwa mtu wa kumdanganya mtu ili kumtuliza. Aliinuka, akazima jiko, akamimina chai vikombe viwili, akaketi tena. "Tangu siku ile nilijua neno halileti mtu. Anayeleta mtu ni yule anayesikiliza. Leo nilipiga nikijua atakayepokea ananijua, ndiyo maana sikuona haja ya kulitumia."

"Na wengine, baba? Wale wasio na binti kwenye simu?"

Mzee alimsogezea kikombe chake katikati ya meza.

"Hao ndio kazi yako," alisema.